Qaraami: Nyimbo za mapenzi za zama za kaseti katika Kaskazini Mashariki

QARAAMI ni jina wanalolitumia Wasomali kuziita nyimbo za mapenzi za zamani, aghalabu zile zinazoimbwa kwa udi, ngoma na makofi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mapenzi makali, yale yamkoseshayo mtu usingizi. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu mzizi wa neno hilo bila ya kujua, kwa kuwa ndio huo huo uliotupatia "gharama", na wapo watakaosema kwamba lugha haikukosea.

Katika miji ya Garissa, Wajir na Mandera, na katika vituo vidogo kama vile Liboi na Modogashe, maana ya jina hilo imepanuka. Kwa mtu aliyekuwa barobaro au mwanamwali huko kati ya miaka ya 1960 na 1980, qaraami ni wimbo wowote wa mapenzi uliomfikia kupitia redio ya mawimbi mafupi au kaseti iliyonakiliwa mara nyingi kiasi kwamba sauti ya mwimbaji ilisikika kana kwamba inatoka kisimani. Makala haya yanaeleza nyimbo hizo zilitoka wapi, zilifikaje Kaskazini Mashariki, na kwa nini kuzihifadhi kumekuwa kazi ngumu kuliko mahali pengi duniani.

Hamu ya kuzirudia nyimbo za ujana si ya Wasomali peke yao. Nchini Marekani, vijana weusi wa miji ya New York, Philadelphia, Baltimore na Chicago walianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuimba kwa vikundi vya watu wanne au watano kwenye pembe za barabara na ndani ya korido za shule, mahali ambapo kuta huirudisha sauti. Hawakuwa na ala. Sauti zao wenyewe zilishika nafasi ya ngoma na gitaa kwa kutamka silabi zisizo na maana, na silabi hizo ndizo zilizoupa muziki huo jina lake: doo-wop. Mada yao ilikuwa moja, yaani mapenzi ya vijana ambao bado wanaishi kwa wazazi. Frankie Lymon, aliyepata umaarufu mkubwa mwaka wa 1956, alikuwa na umri wa miaka 13 tu aliporekodi wimbo uliomtangaza. Kufikia 1959, santuri za mkusanyiko wa nyimbo hizo zilikuwa zikiuzwa Marekani kama mambo ya zamani, ilhali nyimbo zenyewe hazikuwa hata na miaka kumi.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1940, bila ya upande mmoja kuwa na habari za mwingine, vijana wa Kisomali walikuwa wakianzisha jambo la namna hiyo hiyo: nyimbo fupi za mapenzi zinazoimbwa kwa makofi, na ambazo baadaye zilipata jina lake kutokana na silabi za kiitikio zisizo na maana.

Kilio cha dereva wa lori

Kabla ya hapo, shairi la Kisomali lenye hadhi lilikuwa la mtu mzima. Lilizungumzia ngamia, vita, suluhu baina ya koo, dini na sifa za mashujaa. Mapenzi yalikuwa na mahali pake, nayo ni michezo ya usiku ya vijana wafugaji. Huko wavulana walisimama upande mmoja na wasichana upande wa pili, wakatupiana beti kwa makofi na vishindo vya miguu. Mchezo wa dhaanto, unaojulikana sana miongoni mwa Wasomali wa Ogaden walioko Ethiopia na Garissa, ni mmoja kati ya hiyo. Mazungumzo ya uchumba yaliyofuata huitwa shukaansi. Lakini mtu mzima kusimama hadharani na kutangaza kwamba anampenda fulani lilikuwa jambo la fedheha.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Elmi Bodheri, mshairi aliyeishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na ambaye alifanya kazi katika duka la mikate mjini Berbera. Alimpenda msichana aliyeitwa Hodan, hakuwa na mali ya kumposea, naye Hodan akaozwa mume mwingine. Elmi aliendelea kutunga mashairi juu yake mpaka alipofariki dunia, na Wasomali husimulia kwamba kilichomuua ni mapenzi. Watu wa wakati wake walimcheka. Vizazi vilivyofuata vilimfanya kuwa baba wa ushairi wa mapenzi, na hadi leo jina lake ni methali: kijana aliyedhoofika kwa ajili ya msichana huambiwa amekuwa Elmi.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kati ya 1943 na 1945. Abdi Sinimo, dereva wa lori aliyesafiri katika njia za kaskazini mwa nchi ya Wasomali, aliharibikiwa na gari njiani. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, hapo ndipo alipotunga beti fupi akililia "balwo", yaani masaibu, neno lenye mzizi mmoja na "balaa" letu. Beti hizo zilikuwa na mishororo miwili hadi minne tu. Mtu angeweza kuzikariri kwa kuzisikia mara moja, nazo zikaenea kutoka mji hadi mji kwa kasi ya magari. Vijana wa mijini wakazipokea kwa shangwe. Masheikh na wazee wakazipinga vikali, hasa kwa sababu wanaume na wanawake walikusanyika chumba kimoja kuziimba. Mwanamke aliyekuwa maarufu kuliko wote katika fani hiyo, Khadija, alibandikwa jina la fani yenyewe, akaitwa Khadija Balwo.

Beti fupi zikaanza kuunganishwa pamoja, zikapata ala, zikawa wimbo kamili ulioitwa heello. Mtafiti wa Marekani John William Johnson alizifuatilia hatua hizo katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1974, na ndicho marejeo ya kwanza kwa anayetaka kulisoma jambo hili kwa kina.

Hapa inafaa kutaja tofauti moja na ushairi wetu. Mshairi wa Kiswahili hutafuta vina mwishoni mwa kipande. Msomali hutafuta sauti moja ya mwanzo: akichagua herufi "d", basi kila mshororo ni lazima uwe na neno linaloanza kwa "d" kutoka mwanzo wa shairi hadi mwisho. Sharti hilo huitwa higgaad. Ndilo lililomwezesha msichana wa Modogashe asiyejua kusoma kuhifadhi wimbo wa beti kumi kichwani, kwa kuwa sauti ya kwanza ilimkumbusha neno linalofuata.

Mwana wa Moshi

Mtu aliyeuleta udi katika nyimbo hizo na kuitwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali hakuzaliwa Hargeisa wala Mogadishu. Abdullahi Qarshe alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka wa 1924, akalelewa katika jamii ya Wasomali wahamiaji kabla ya kupelekwa Aden na hatimaye Somalia ya Waingereza. Mwaka wa 1955 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la Walaalo Hargeisa, lililoigiza tamthilia na kuimba. Alifariki London mwaka wa 1994. Mwenzake katika udi, Ahmed Ismail Hussein aliyejulikana kama Hudeydi, alifariki katika jiji hilo hilo mwezi wa Aprili 2020 kwa maradhi ya Covid-19, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Nyimbo nyingi zilizopendwa na vijana zilizaliwa jukwaani, ndani ya tamthilia. Mfano bora ni Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, ya mwaka wa 1968, ambayo B. W. Andrzejewski aliitafsiri kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka wa 1974. Ni kisa cha laghai anayewahadaa wasichana kwa ndoa za uongo. Watazamaji waliokwenda kucheka walijikuta wakiujadili uhuru wa vijana kuchagua, na wajibu wa wazazi ambao hawakuwauliza. Suala hilo halikuwa mchezo. Yarad, yaani mahari ya ngamia au fedha, lilikuwa kikwazo kwa maelfu ya vijana, kama lilivyokuwa kwa yule kijana wa "Malaika" ya Fadhili William, ambaye Wakenya wote wanamjua. Wale waliokosa subira walitoroka, wakaenda kufungishwa ndoa na sheikh wa mbali, mahali ambapo walii hafikiki. Ndoa ya namna hiyo Wasomali huiita masaafo, na kila anayejua neno "masafa" ameshaelewa.

Redio ng'ambo ya mpaka

Nyimbo hizi zilipofika Kenya hazikufika kama burudani tu. Mwezi wa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika eneo la Kaskazini Mashariki kutokana na harakati za kutaka kujitenga na kuungana na Somalia. Vita vya shifta vikafuata hadi 1967. Amri za kutotoka nje usiku, vibali vya kusafiri na kuhamishiwa watu katika vijiji vya lazima vikawa sehemu ya maisha. Michezo ya usiku mbugani, iliyokuwa shule ya mapenzi ya vijana, ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuathirika, kwani mkusanyiko wa vijana gizani haungeweza kuelezwa kirahisi kwa askari wa doria.

Redio ya transista ikaijaza nafasi hiyo. Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo ya Kisomali kutoka Nairobi, na idhaa ya Kisomali ya BBC ilikuwa hewani tangu Julai 1957. Hata hivyo, nyimbo zilikuwa Redio Mogadishu na Redio Hargeisa. Na Redio Mogadishu, katika miaka ya vita, ilikuwa pia chombo cha propaganda dhidi ya serikali ya Kenya. Katika makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyopatikana kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, nchi hizo mbili ziliahidi kuacha kushambuliana kupitia redio na magazeti. Kwa hiyo kijana wa Garissa aliyeisogeza redio sikioni ili amsikilize mwanamke akimlilia mpenzi wake, alikuwa akiisikiliza stesheni ambayo serikali yake iliihesabu kuwa ya adui.

Watunzi wenyewe walilichanganya jambo hilo kwa makusudi. Katika heello, mpenzi aliyepotea mara nyingi alikuwa nchi, na msichana aliyezuiliwa nyumbani kwa watu alikuwa eneo lililobaki chini ya bendera nyingine. Baada ya mapinduzi ya Oktoba 1969, fumbo hilo liligeuzwa na kuelekezwa kwa utawala wa Siad Barre mwenyewe. Mshairi Mohamed Ibrahim Warsame, maarufu kama Hadraawi, alifungwa kutoka 1973 hadi 1978 kwa tungo ambazo wakubwa waliona zinawasema. Alifariki mwaka wa 2022, na mashairi yake ya mapenzi yangali yakiimbwa. Ni dhahiri kwamba msichana wa miaka kumi na sita hakuhitaji fumbo hilo. Alipousikia wimbo wa msichana aliyezuiliwa nyumbani, alijisikia yeye.

Wakati wa kaseti

Kaseti ndogo ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka ule ule wa 1963. Ilichukua muda kufika Kaskazini Mashariki, lakini ilipofika katika miaka ya 1970 iligeuza kila kitu. Tofauti na Nairobi, ambako kulikuwa na viwanda vya santuri, muziki wa Somalia haukutegemea biashara ya santuri. Wasanii wengi waliajiriwa na serikali katika makundi kama Waaberi ya Mogadishu na Iftin ya Wizara ya Elimu, wakarekodi redioni, na mtu aliyeutaka wimbo alikwenda na kaseti tupu kwenye duka la kunakili. Nakala moja ikazaa nakala nyingine. Kwa njia hiyo sauti za Magool, ambaye jina lake halisi ni Halima Khalif Omar, na Hasan Adan Samatar zilivuka Liboi pamoja na wafanyabiashara wa ng'ombe na kufika Garissa bila ya jalada, bila ya tarehe, na aghalabu bila ya jina la mtunzi.

Hapa ndipo tofauti na doo-wop inapokuwa kubwa. Mzee wa New York anayezikumbuka nyimbo za ujana wake anaweza kuipata santuri yenye jina la kampuni, namba ya toleo na mwaka. Mwenzake wa Garissa ana kaseti iliyoandikwa kwa kalamu upande wa A na upande wa B, labda kwa mwandiko wa mtu aliyempa. Na huyo aliyempa ndiye kiini cha habari, kwa sababu kaseti ilikuwa barua. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini nchini Somalia Oktoba 1972, lakini katika shule za Kenya vijana walifundishwa kusoma Kiswahili na Kiingereza. Lugha waliyoiota usiku hawakufundishwa kuiandika. Kijana aliyetaka kumwambia msichana neno la moyoni alichagua nyimbo tano au sita, akazipanga kwa mfuatano wenye maana, na pengine akaongeza salamu kwa sauti yake mwishoni, pale utepe ulipobaki mtupu. Msichana aliisikiliza kwa sauti ya chini, dada zake wakiwa walinzi.

Kaseti za aina hiyo hazimo katika hifadhi yoyote ya redio, nazo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndizo hazina kubwa zaidi. Nyimbo za Magool zipo Mogadishu, Hargeisa na London. Lakini beti za vijana wa Garissa wenyewe, zilizotungwa kwa mtindo wa dhaanto, zenye majina ya visima vyao na mabula yao, nyingi hazikurekodiwa kamwe, na zile chache zilizorekodiwa zimo katika sanduku la chuma chini ya kitanda cha mtu ambaye sasa ni nyanya au babu. Eneo zima limejifunza kuukumbuka ujana wake kwa sauti za watu wa ng'ambo.

Mambo mengi yalipunguza akiba hiyo. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa shule. Nyumba ziliungua pamoja na kila kilichokuwa ndani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaweka mateso ya eneo hilo katika ripoti yake ya 2013. Sheria za hali ya hatari zenyewe ziliondolewa mwaka wa 1991 pekee. Mwaka huo huo dola ya Somalia ilianguka, wakimbizi wakamiminika Dadaab, na wasanii wengi wakatawanyika, baadhi yao wakiishia Eastleigh. Mwezi wa Aprili 2010, wanamgambo wa Kiislamu waliziamuru stesheni za Mogadishu kuacha kabisa kupiga muziki, zikabaki kuweka milio ya risasi na ya wanyama baina ya taarifa. Katika Garissa hakukuwa na amri kama hiyo, ingawa wahubiri wenye msimamo mkali dhidi ya muziki walikuwa wamekwishapata wafuasi, na katika arusi nyingi ala zimenyamaza, ikabaki buraanbur ya wanawake na ngoma yao. Wapo waliozitupa kaseti zao kwa hiari, kwa toba. Uamuzi huo ni wao na mtu hana haki ya kuwacheka.

Kwingineko juhudi za uokoaji zimezaa matunda. Hargeisa iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka wa 1988, wafanyakazi wa redio walizificha na kuzizika kanda chini ya ardhi. Wakfu wa Redsea wa mji huo umekusanya kaseti zaidi ya 10,000, na baadhi yake zilitumiwa katika albamu ya Sweet as Broken Dates, iliyotolewa mwaka wa 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Hifadhi ya Redio Mogadishu nayo ilinusurika vita. Upande wa Kenya, stesheni za Kisomali zilizoanzishwa tangu miaka ya 2000, kama vile Star FM, huzipiga nyimbo za zamani, na simu za mkononi zimezirudisha masikioni mwa wajukuu. Kinachokosekana ni mkusanyiko wa kaseti za nyumbani za Garissa, Wajir na Mandera.

Kazi hiyo ina saa yake. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo huharibiwa na joto na unyevu. Mjini Garissa joto hupita nyuzi 35 za Selsiasi kwa siku nyingi za mwaka, na vumbi huingia kila mahali. Kaseti ya dakika 120 ina utepe mwembamba zaidi kuliko ile ya dakika 60, hivyo hunyooka na kukatika upesi. Mwenye kaseti ya zamani asiitie kwenye kinasa sauti na kuisikiliza papo hapo. Kwanza aizungushe kwa mkono kwa kalamu ili kuona kama utepe umegandamana. Kama ganda limepinda kwa joto, utepe unaweza kuhamishiwa katika ganda jingine lenye skrubu. Kisha auvunje ule ulimi mdogo wa plastiki ulioko juu ya kaseti, kila upande na wake, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Baada ya hapo kaseti ichezwe mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikinakiliwa kwenye kompyuta au simu, na isizimwe wimbo wa mwisho unapomalizika, kwa kuwa salamu huwa pale mwishoni.